Mstari Uliokosa Mnong'ono: Programu za Kuchora Kidatu na Unukuzi wa Muziki wa Maziwa Makuu

Makala hii inaangalia historia ya kunukuu muziki kwa msaada wa picha ya sauti, na inadai kwamba picha hiyo haitoshi bila masikio ya wenye muziki. Dai hili lina uzito wa pekee nchini Malawi, kwani baadhi ya masikio hayo yako Dzaleka, wilayani Dowa, katika kambi iliyofunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza la wafungwa wa kisiasa. Wakazi wake wengi wametoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazowaunganisha.

Mwaka 1885 Alexander Ellis aliigawa oktavu katika senti 1200, akapata kipimo cha ngazi za muziki zisizolingana na kinanda cha Ulaya. Hugh Tracey, aliyeanzisha Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika huko Afrika Kusini mwaka 1954, alipima marimba kwa seti ya uma za chuma, kila uma ukiwa na idadi yake ya mitetemo kwa sekunde. Ilikuwa kazi ya subira. Leo programu kama Sonic Visualiser, iliyotengenezwa katika Chuo Kikuu cha Queen Mary, London, huchora kidatu kwenye skrini kwa muda mfupi. Tarsos, iliyobuniwa Ghent, imetumika kuchambua rekodi za Afrika ya Kati zilizohifadhiwa katika makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji. Sifa yake ni kwamba haimlazimishi mtafiti kuanza na sauti 12 za kinanda.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo mstari hauwezi kulichora. Nchini Burundi kuna inanga ya kunong'ona. Inanga ni ala ya ubao uliochongwa kama sinia refu, wenye nyuzi zinazopigwa kwa vidole. Mpigaji haimbi kwa sauti kamili, bali hunong'ona maneno. Programu hutafuta kidatu kwa kuikata sauti vipande vidogo na kupima wimbi linajirudia baada ya muda gani. Anayenong'ona hatetemeshi nyuzi sauti zake. Wimbi lake halijirudii, kwa hiyo halina kidatu cha kupimwa. Skrini huonyesha nyuzi za ala, na mnong'ono hubaki kama ukungu. Lakini msikilizaji husikia sauti ya mtu ikipanda na kushuka pamoja na nyuzi! Cornelia Fales, katika makala yake ya mwaka 2002, alieleza kwamba muungano huo hutokea katika usikivu wenyewe. Mnukuzi anayeitii skrini ataandika muziki wa ala na kumpoteza msimulizi, na kwa maoni yangu kosa hilo ni zito kuliko lile la kulazimisha nota za kinanda. Tena Kirundi ni lugha ya toni: kuamua kama uzi umepanda kwa kufuata neno au kwa kufuata lahani kunahitaji mtu aijuaye lugha hiyo.

Hapa suala la unukuzi linakutana na sera. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi mwaka 1987 iliweka masharti yake, likiwemo la uhuru wa kutembea, na mwaka 2023 serikali iliagiza wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi Dzaleka. Mradi wa unukuzi unaowekwa Lilongwe, basi, humtaka mjuzi aombe ruhusa ili asikilize muziki wa kwao. Mwelekeo wa kinyume unawezekana: tangu mwaka 2014 Tamasha la Tumaini, lililoasisiwa na mshairi Trésor Nzengu Mpauni, limekuwa likiwavuta wageni kutoka mjini kwenda kambini. Kompyuta ndogo na vipokea sauti vya masikioni hubebeka kwa urahisi zaidi kuliko umati wa tamasha. Tunapendekeza nakala za rekodi za Tervuren zipelekwe Dzaleka, na wanaosahihisha mistari ya programu walipwe na majina yao yaandikwe, kwa idhini yao, kama wanukuzi.