Moyo Wao Uko Wapi? Wahindi wa Kigoma na Nchi ya Mababu

Nimekua nikisikia sentensi moja kuhusu Wahindi wa Kigoma: "Hawa mwili uko hapa, moyo uko India." Ilisemwa barazani, sokoni, hata shuleni, na hakuna aliyeona haja ya kuithibitisha. Nami niliiamini.

Kisha nikaenda kuomba pasipoti katika ofisi moja ya serikali. Afisa alipoona nimezaliwa Ujiji, akauliza babu yangu alizaliwa wapi. Na baba yake je? Bibi yangu ni Mmanyema. Wazee wake walivuka ziwa kutoka Kongo. Nikadaiwa karatasi ambazo watu wa kizazi kile hawakuwahi kuwa nazo. Nilirudi nyumbani nikijiuliza: kumbe na sisi tunapimwa moyo?

Ndipo nilipoanza kuisoma upya habari ya majirani zetu.

Wahindi hawakuletwa huku na reli iliyofika Kigoma mwaka 1914. Walitangulia. Burton na Speke walipofika Ujiji, Februari 1858, tayari Musa Mzuri, mtu wa Surat, alikuwa tajiri mashuhuri pale Kaze, karibu na Tabora ya leo. Baadaye akaja Allidina Visram, aliyezaliwa Kera, katika jimbo la Kutch, mwaka 1851. Alivuka bahari akiwa mtoto, akafanya kazi na Sewa Haji kule Bagamoyo, kisha akatandaza maduka yake kwenye njia ya misafara hadi Ujiji, na mwisho Uganda. Alifariki mwaka 1916. Mombasa ipo shule yenye jina lake mpaka leo.

Tusiipambe historia hiyo. Mikopo ya matajiri wa Kihindi wa Zanzibar ilisaidia kugharimia misafara iliyorudi pwani na pembe za ndovu, na watumwa pia. Wengi wa watumwa hao walitolewa Manyema. Kwa hiyo bibi yangu na mwenye duka la Kihindi wamefungwa na njia ileile, ila mmoja aliijia na bidhaa, na wazee wa mwingine wengine waliijia na minyororo. Lawama nyingi zilizowaandama Wahindi zina mzizi wa kweli.

Lakini lawama ya moyo ni kitu kingine. Kwanza, hiyo "India" ni ipi? Allidina hakuondoka nchi iitwayo India kama tunavyoijua leo. Kutch ilikuwa na mtawala wake chini ya Waingereza, na mtu akisema "nyumbani" alimaanisha kijiji, kisima, na ndugu wa kumtafutia mchumba. Mwaka 1947 Waingereza walipoondoka, nchi ikakatwa vipande viwili. Aliyekuja kutoka Karachi na aliyekuja kutoka Porbandar wote huku waliitwa Wahindi, lakini asubuhi moja ya Agosti wakawa watu wa mataifa mawili, na wao wako madukani kwao wanapima sukari.

Baada ya Uhuru wa 1961, waliokuwa hawajawa raia moja kwa moja kisheria walipewa miaka miwili ya kuomba. Wengine waliomba haraka, wengine walishika pasipoti za Uingereza. Amir Jamal, mzaliwa wa Mwanza, alikuwa waziri wa fedha wa Nyerere kwa miaka mingi. Mwaka 1971 majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yakataifishwa, na wengi walioguswa walikuwa Wahindi. Mwaka uliofuata Idi Amin akawapa Waasia wa Uganda siku 90. Hata aliyekuwa hana mpango wa kuhama alianza kutazama ramani. Wengi waliohama hawakurudi India. Walikwenda Uingereza na Canada.

Na huko ndiko mambo yanapogeuka. M.G. Vassanji, aliyezaliwa Nairobi na kukulia Dar es Salaam, anaishi Canada. Mwaka 2008 alitoa kitabu cha safari zake za kuitafuta India ya wazee wake, A Place Within. Mwaka 2014 akatoa kingine kuhusu Afrika Mashariki, And Home Was Kariakoo. Jina la hicho cha pili linatosha.

Mwaka jana niliingia katika duka moja mjini Kigoma, la mzee ambaye babu yake alitoka Kutch.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Nilimuuliza kuhusu India. Akaniambia habari ya tarehe 26 Januari 2001, tetemeko lilipoiangusha Bhuj na vijiji vya jirani na kuua maelfu ya watu. Alisikia redioni. Alifunga duka siku mbili. "Nililia kijiji ambacho sijawahi kukanyaga," alisema. Miaka mingi baadaye akaenda. Walimpokea vizuri, ila waliicheka Kigujarati chake, eti nusu Kiswahili. Siku ya tano akaanza kuota dagaa.

Binti yake yuko Toronto. Miaka ya karibuni ziwa lilipofura na kumeza mialo na nyumba za pwani, wajukuu walipiga simu wakilia. Hawajawahi kuiona Kigoma hata siku moja.

Nilinyamaza. Yale machozi ya Bhuj yalikuwa yamehamia Tanganyika, na sasa sisi ndio nchi ya mababu.

Nyumbani, bibi yangu bado huongeza sauti ya redio wakisoma habari za Kongo. Kukiwa na vita, hali chakula cha jioni. Hajawahi kuishi huko. Je, moyo wake hauko Ujiji, alikozika mume na watoto wawili? Hatumuulizi, kwa sababu tunamjua. Tatizo letu na mwenye duka ni kwamba hatukuwahi kukaa vya kutosha.

Kila siku tunahesabu laki, tunakata bima, tunapanda gari. Maneno hayo yalivuka bahari, na hakuna anayeyauliza babu yao alizaliwa wapi.

Pasipoti yangu ilitoka baada ya miezi saba. Mahali pa kuzaliwa: Kigoma. Mzee alinionyesha ya kwake. Imeandikwa vilevile.