Paundi 27 za Baker Street: Kibarua, Pumzi na Haki

Kila mwaka ninapoanza kufundisha historia ya kazi na wafanyakazi, huwapigia wanafunzi wangu wimbo mmoja kabla sijasema neno. Ni “Baker Street” wa Gerry Rafferty, mwanamuziki wa Uskoti, uliotoka mwaka 1978. Saksafoni inapoanza kulia, vichwa huinuka. Hata wasiolijua jina la wimbo huitambua sauti ile. Kisha huwauliza: anayepuliza ni nani? Hadi leo sijapata mwanafunzi aliyenijibu.

Anaitwa Raphael Ravenscroft. Alizaliwa mwaka 1954 na kufariki Oktoba 2014, akiwa na umri wa miaka 60. Alikuwa kile ninachokiita kibarua wa studio. Katika biashara ya rekodi za roki kulikuwa na matabaka mawili ya wanamuziki. Wa kwanza ni wale ambao picha zao hupamba jalada na ambao hulipwa mrabaha kila rekodi inapouzwa. Wa pili huitwa kwa simu, hufika na ala zao, hupiga wanachoambiwa, hulipwa ujira wa siku ile, kisha hurudi nyumbani. Rekodi ikiuzwa nakala mia au milioni, ujira wao haubadiliki. Punda afe, mzigo ufike.

Ravenscroft alisimulia kwamba aliitwa kupuliza saksafoni ya soprano katika sehemu ndogo tu. Ilipobainika kwamba wimbo una mapengo yanayohitaji kuzibwa, alijitolea kutumia saksafoni ya alto aliyokuwa ameiacha garini. Wimbo ulipanda hadi nafasi ya 3 nchini Uingereza na nafasi ya 2 nchini Marekani. Inasimuliwa kwamba malipo yake yalikuwa hundi ya paundi 27, na kwamba hundi yenyewe ilirudishwa na benki kwa kukosa fedha.

Hapa ndipo wanafunzi wangu hukasirika, nami huwaomba wasubiri. Historia haiandikwi kwa hasira. Ravenscroft alidai kwamba yeye ndiye aliyeleta ile sauti, akiitoa katika hazina ya vijisauti vya bluzi. Rafferty alishikilia kwamba muziki ulikuwa wake. Mwaka 2011 albamu ya City to City ilitolewa upya ikiwa na rekodi ya majaribio ya wimbo huo, na ndani yake sauti ileile inasikika, ila imepigwa kwa gitaa. Ushahidi huo ni mzito. Mwenye kupenda haki hana budi kuukubali hata pale unapomwangusha mnyonge aliyetaka kumtetea. Dai la Ravenscroft kuwa mtunzi halisimami imara.

Je, kesi imekwisha? Naona kwamba hapo ndipo inapoanza. Rafferty alikuwa tayari na toleo la gitaa, lakini silo alilowapelekea wasikilizaji. Alilowapelekea ni pumzi ya mtu: namna alivyoishambulia noti ya kwanza, alivyoivuta, alivyoiachia ikalia kama mtu aliyechoka na jiji. Karatasi ya muziki haina uwezo wa kuandika hayo. Mtunzi huchora nyumba, lakini wanaolala ndani yake hulala katika kazi ya fundi. Miaka michache kabla ya kifo chake, Ravenscroft alieleza kwamba rekodi ile ilimkera kila alipoisikia, kwa sababu saksafoni ilikuwa imeshuka kidogo chini ya sauti sahihi. Mimi husikia humo fahari ya fundi: dunia imeridhika, yeye bado anaona kasoro katika kazi yake.

Baadaye aliitwa katika kazi nyingine kubwa, ikiwemo albamu ya The Final Cut ya Pink Floyd, ya mwaka 1983. Hata hivyo jina lake liliendelea kufifia, kiasi kwamba ulienea uvumi nchini Uingereza kuwa aliyepuliza katika “Baker Street” alikuwa Bob Holness, mtangazaji wa televisheni. Ulikuwa mzaha, lakini wengi waliuamini. Jina la mfanyakazi lisipoandikwa, mtu yeyote huweza kuwekwa mahali pake.

Sheria ilichelewa kuliona jambo hili. Kwa muda mrefu ilimtambua mtunzi na kampuni ya rekodi, ikamwacha mpigaji na mkataba wake wa siku moja. Mwaka 2011 Umoja wa Ulaya ulirefusha ulinzi wa rekodi kutoka miaka 50 hadi 70, na Uingereza ikaanza kuutekeleza mwaka 2013. Ndani ya mabadiliko hayo mna kifungu kinachostahili kusomwa na kila mtumishi wa umma anayeshughulika na sanaa: katika miaka 20 iliyoongezwa, kampuni hutakiwa kutenga asilimia 20 ya mapato yake ya rekodi husika kwa ajili ya wanamuziki waliolipwa mara moja tu.

Tupige hesabu. Rekodi ya 1978 inatimiza miaka 50 mwishoni mwa 2028. Kwa hiyo fungu hilo litaanza kuihusu “Baker Street” mwaka 2029, miaka 15 baada ya kifo cha mpulizaji wake. Haki ipo, lakini mwenye pumzi hayupo kuipokea.

Sisi Tanzania tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Mijadala yetu huishia kwenye neno la kwanza, hakimiliki. Nawasihi wanafunzi, wanaharakati na watunga sera tulisome na la pili. Hakishiriki ni haki ya aliyeshiriki: mpiga gitaa, mpiga tumba, mpulizaji wa tarumbeta aliyeitwa usiku mmoja akaondoka alfajiri. Kabla hatujauliza analipwa kiasi gani, tuanze na swali jepesi zaidi ambalo darasa langu hushindwa kulijibu kila mwaka: anaitwa nani, na jina lake limeandikwa wapi?