Merikani: Nguo Iliyoacha Jina

Wasikilizaji wetu, neno merikani limo katika lugha yetu tangu zamani. Ni jina la nguo ya pamba isiyotiwa rangi, nzito na imara. Leo twataka kueleza jinsi nguo hiyo ilivyopata soko katika nchi hizi, na jinsi wenyewe walivyolipoteza.

Tarehe 21 Septemba 1833 Seyyid Said, mtawala wa Maskati na Unguja, alifanya mkataba na Edmund Roberts, mjumbe wa Marekani. Bidhaa za Wamarekani zikatozwa ushuru wa 5 kwa mia tu. Waingereza walipata mkataba wao mwaka 1839, na Wafaransa 1844. Basi Wamarekani walikuwa wametangulia.

Mwaka 1837 Richard Waters, mtu wa mji wa Salem, alifika Unguja kuwa balozi wa nchi yake, naye alikuwa mfanya biashara vile vile. Hakwenda bara. Alipatana na Jairam Shivji, Mhindi aliyekodi forodha ya Seyyid, hata wafanya biashara wengine wakanung'unika kwamba mlango umefungwa. Wahindi waliwakopesha wenye misafara nguo, nao walirudi na pembe za ndovu. Salem ilitaka pembe, sandarusi na ngozi. Huko bara merikani ilikuwa kama fedha: ilipimwa kwa mikono, shuka mikono minne, doti mikono minane, na kwa hiyo walilipwa wapagazi, na hongo ikatolewa kwa watemi.

Viwanda vya Uingereza vilijaribu kuiga nguo hiyo, lakini mnunuzi wa bara aliipapasa, akaijua, akaikataa. Wahenga walisema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Lakini mwaka 1861 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilizuka Marekani, vikaendelea mpaka 1865. Viwanda vya kaskazini vilikosa pamba ya kusini. Merikani ikawa adimu Unguja, na bei ikapanda. Mnunuzi hangoji miaka minne. Nguo za Uingereza na Bara Hindi zikaingia. Vita vilipokwisha Wamarekani walirudi, lakini viwanda vya Bombay, vilivyoanza katika miaka ya 1850, vilikuwa karibu zaidi, na nguo zao rahisi. Kidogo kidogo vikalitwaa soko, na nguo ya Bombay nayo ikaitwa merikani!

Tusisahau jambo moja. Mnunuzi wa bara, asiyejua Salem wala Bombay, kwa kuchagua kwake alivifanya viwanda vya mbali vimfuate. Lakini kila doti iliyoingia ilipunguza kazi ya mafundi wetu. Huko Ufipa watu walilima pamba, wakaisokota na kuifuma wenyewe. Nguo za kigeni zilipozidi, vitanda vyao vya mfumi vikanyamaza kimoja kimoja. Wageni walishindana wao kwa wao, na aliyeshindwa kwanza hakuwa hata mmoja wao.