Hewa ya Matopeni na Sayari za Mbali

Mtu akichokora tope la bwawa ambamo majani yameoza, huona mapovu yakipanda juu ya maji. Mapovu hayo yana hewa iwakayo moto, iitwayo methani. Alessandro Volta wa Italia aliikusanya mwaka 1776 katika Ziwa Maggiore. Nani angalidhani ya kuwa hewa hii ya matopeni imo pia katika sayari zilizo mbali kabisa na jua?

Habari yenyewe ndiyo hii. Nuru ya jua ikipita katika kioo cha pembe tatu hugawanyika, ikawa rangi kama za upinde wa mvua. Lakini ikiwa imepita kwanza katika hewa fulani, hewa ile humeza sehemu yake, na mahali palipomezwa huonekana milia myeusi. Kila hewa ina milia yake, kama vile kila mtu alivyo na alama za vidole vyake.

Mwaka 1869 Angelo Secchi, padre wa Roma, aliitazama nuru ya Uranusi akaona milia mipana asiyoifahamu. Baadaye Vesto Slipher wa Marekani alipiga picha za nuru ya Mshtarii, Zohali, Uranusi na Neptuni. Kadiri sayari ilivyokuwa mbali na jua, ndivyo milia ilivyozidi nguvu. Picha zilikuwapo, maana hapakuwa. Fumbo lilidumu zaidi ya miaka 60.

Kwa nini? Methani humeza nuru tuionayo kwa uchache sana, hata katika chupa ndogo milia yake haionekani. Bali nuru ya sayari imepita katika hewa nyingi mno. Mwaka 1932 Rupert Wildt, Mjerumani, alisema ya kuwa milia ya Mshtarii ni ya methani na amonia. Neno lake lilihitaji shahidi. Mwaka 1934 Slipher na Arthur Adel waliijaza methani katika bomba la meta 45, wakaishindilia mara 40 kuliko hewa tuivutayo, wakapitisha nuru. Milia ileile ikatokea mbele yao!

Mwaka 1944 Gerard Kuiper akaikuta methani katika Titani, mwezi wa Zohali. Na tarehe 14 Januari 2005 chombo Huygens kikashuka huko, kikaipima hewa yenyewe, kikaikuta methani.

Basi sisi tusione haya kusema "hatujui," mradi tuyatunze vema tuliyoyaona. Picha za Slipher zilingoja miaka mingi, na jibu likaja. Subira huvuta heri.