Namba za Utambulisho wa Land Rover za Kale

Namba za utambulisho wa gari ni tarakimu na herufi ambazo kiwanda huzigonga kwenye chuma cha gari, huziandika kwenye kibati na kuziingiza katika daftari la uzalishaji, ili kila gari litofautishwe na mengine ya aina yake. Kwa gari la kale, namba hizo ndizo msingi wa kujua liliundwa lini, kwa ajili ya soko gani na likiwa na injini ya aina gani. Hata hivyo, baada ya miongo mingi ya matengenezo na kuuzwa kutoka mkono hadi mkono, namba zinazoonekana huenda zisiwe zile za awali. Land Rover, iliyoundwa na kampuni ya Rover huko Solihull, Uingereza, na kuzinduliwa Amsterdam mwezi Aprili 1948, huonyesha vizuri tatizo hilo, kwa kuwa sehemu nyingi za matoleo yake huingiliana, na gari moja laweza kuwa na fremu, injini na milango iliyotoka katika magari matatu.

Mahali pa namba

Namba kuu ni ya chesisi. Katika toleo la II (1958–1961), la IIA (1961–1971) na la III (1971–1985), namba hiyo hugongwa kwenye fremu, upande wa kulia mbele, katika kipande cha chuma kinachoshikilia springi, na hurudiwa kwenye kibati kilichofungwa ndani ya gari. Injini ina namba yake kwenye bloku, na giaboksi na ekseli nazo zina zao. Kwa kuwa namba ya injini hufuata mfululizo wake wenyewe, kutofautiana kwake na ya chesisi si dalili ya udanganyifu. Jambo la kuuliza ni kama injini hiyo ndiyo iliyoandikwa pamoja na chesisi hiyo gari lilipotoka kiwandani.

Namba ya chesisi hukaa mahali penye maadui wengi. Bodi ya Land Rover ni ya aloi ya aluminiamu isiyoshika kutu, lakini fremu ni ya chuma cha kawaida, hivyo gari laweza kuonekana zima kwa nje huku fremu yake imeliwa, imechomelewa viraka au imebadilishwa kabisa. Fremu inapobadilishwa, namba ya awali huondoka nayo, na kibati hubaki peke yake.

Muundo wa namba

Katika toleo la IIA, tarakimu tatu za mwanzo hutaja aina ya gari na soko lake. Kwa gari fupi la petroli, lenye inchi 88 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, 241 ni la usukani wa kulia lililouzwa Uingereza, 242 ni la usukani wa kulia lililouzwa nje, na 243 ni la usukani wa kulia lililosafirishwa vipande vipande ili liunganishwe lilikopelekwa. 244 na 245 ni ya usukani wa kushoto, la kwanza likiwa limekamilika na la pili likiwa vipande. Gari refu la petroli, la inchi 109, hutumia 251 hadi 255 kwa mpangilio huohuo. Hufuata tarakimu tano za mfuatano wa uzalishaji, kisha herufi inayoonyesha mabadiliko makubwa ya kiufundi, ambayo fundi huihitaji anapoagiza spea. Katika toleo la II hali ilikuwa nyingine, kwani tarakimu ya nne ilitaja mwaka, 8 ikiwa 1958, na hivyo kanuni ya toleo moja haifai kusomea namba za toleo jingine.

Usomaji huu una manufaa ya moja kwa moja Afrika Mashariki, ambako usukani ni wa kulia: gari fupi la IIA lenye 242 au 243 linapatana na historia ya kuagizwa likiwa jipya, ilhali lenye 241 liliundwa kwa ajili ya Uingereza na yaelekea lililetwa baadaye likiwa limekwisha kutumika.

Ukaguzi wa chuma

Ukaguzi huanza kwa kuondoa matope, grisi na rangi bila kukwangua chuma chenyewe. Dawa ya kuyeyusha rangi na brashi laini hufaa, ilhali grainda na msasa mkali huweza kufuta kwa dakika chache tarakimu zilizodumu miaka 60. Tochi ikimulikwa kutoka ubavuni, kivuli huingia katika mikwaruzo ya namba na kuifanya isomeke, na karatasi ikiwekwa juu na kusuguliwa kwa penseli huchukua nakala yake. Mkaguzi hutazama kama tarakimu zina kina kinacholingana, kama umbo lake ni la chapa za kiwanda, na kama pembeni pana alama ya kuchomelea inayoonyesha kuwa kipande chenye namba kilikatwa kutoka gari jingine.

Namba iliyofutwa huweza kurudi. Chapa inapogongwa, hukandamiza chuma hata chini ya mkwaruzo unaoonekana, na sehemu iliyokandamizwa huliwa na tindikali kwa kasi tofauti na chuma kilichoizunguka. Ndiyo maana wataalamu wa uchunguzi wa jinai husugua uso kwa mchanganyiko wa asidi ya haidrokloriki na kloridi ya shaba, na tarakimu hujitokeza kwa muda. Njia hiyo haifanyi kazi pale chuma kilipokwanguliwa kupita kina cha mkandamizo.

Kibati kina uzito mdogo kuliko fremu, kwa sababu huondolewa kwa kung'oa ribiti tu na nakala mpya huuzwa madukani. Kadi ya gari nayo huhitaji tahadhari, kwani karani anaweza kupotosha tarakimu, kosa hilo likanakiliwa kila gari linapobadili mmiliki.

Kumbukumbu za kiwanda

Madaftari ya uzalishaji ya Rover yamehifadhiwa na British Motor Industry Heritage Trust huko Gaydon, Uingereza, ambayo hutoa cheti chenye taarifa zilizosalia, kama vile tarehe ya kuundwa, rangi ya awali na mahali gari lilikopelekwa. Kwa gari lililosafirishwa vipande vipande na kuunganishwa katika kiwanda kama kile cha Thika, Kenya, kilichoitwa Leyland Kenya, daftari la Solihull haliwezi kuthibitisha rangi iliyopigwa huko wala siku gari lilipokamilika, na hapo hati za muuzaji na za usajili wa kwanza ndizo huziba pengo.

Umuhimu wa kumbukumbu hizo ulionekana mwaka 2018, Jaguar Land Rover ilipotangaza kupatikana kwa gari namba 7 kati ya 48 ya majaribio, lililokuwa limeonyeshwa Amsterdam mwaka 1948. Gari hilo lilikutwa limetelekezwa bustanini, maili chache tu kutoka Solihull, na wataalamu walipekua nyaraka za kampuni kwa miezi kadhaa kabla ya kulithibitisha.

Namba zinapogongana

Chuma, kibati na daftari vikikubaliana, utambulisho wa awali huhesabiwa kuwa umethibitika. Visipokubaliana, fremu yenye namba isiyochezewa hutangulizwa, na tofauti huelezwa waziwazi katika hati za gari. Kugonga upya namba kwa hiari ya mmiliki, hata kwa nia ya kurejesha ya awali, huharibu ushahidi, na katika nchi nyingi kubadilisha namba ya chesisi bila kibali ni kosa la jinai. Kwa hiyo mwenye gari la kale na apige picha za kila namba kabla fundi hajaanza kazi, akitunze kibati cha zamani hata kikiwa kimepinda, na akibadilisha fremu asiitupe iliyotoka, bali ahifadhi kipande chenye namba.