Meli ya Hewani Iliyokusudiwa Kufumuliwa Umakondeni

Wasomaji wengi wa habari za Vita Vikuu vya Kwanza katika Afrika ya Mashariki wazijua njia alizopita Jemadari von Lettow-Vorbeck. Lakini ni wachache wajuao ya kuwa katika mwaka wa 1917 Wadachi walituma chombo cha hewani kije kutua katika nchi ya juu ya Wamakonde, na ya kuwa chombo hicho hakikukusudiwa kurudi. Kilikusudiwa kufumuliwa, na kila kipande chake kipewe kazi nyingine. Habari hii yastahili kuangaliwa, maana swali lililomo ndani yake ndilo liwasumbualo mafundi wa ndege hata leo: kitu chepesi kilichoundwa kwa vitu mbalimbali vilivyoshikamanishwa, kazi yake ikiisha, kitakuwa nini?

Yafaa kwanza tueleze hali ilivyokuwa. Jeshi la Wadachi lilikuwa limesukumwa kusini. Mapigano makali ya Mahiwa, toka tarehe 15 hata 18 Oktoba 1917, yalimaliza sehemu kubwa ya risasi zao. Dawa zilikuwa haba, na bahari ilifungwa na manowari za Kiingereza. Tabibu mmoja wa jeshi, Max Zupitza, alikuwa ametoa shauri kwamba msaada upelekwe kwa njia ya hewa. Basi ikatengenezwa zeplini iliyoitwa L 59, ikarefushwa hata ikapita mita 226, ikapakiwa shehena ya tani 15 hivi: risasi, bombomu, na dawa.

Huku Umakondeni hapakuwa na haidrojeni ya kuijaza tena, kwa hiyo safari ilikuwa ya kwenda tu. Mafundi wakalipokea jambo hilo tangu mwanzo, wakachagua vitu vyao kwa kuyafikiri maisha mawili. Kitambaa cha pamba cha nje kingekuwa mahema na nguo. Mifuko ya gesi, iliyofanywa kwa utando mwembamba wa utumbo wa ng'ombe uliogandishwa juu ya pamba, ingefaa kwa kulalia, kwa kuwa haipitishi maji. Ngozi iliyotandikwa katika ujia wa ndani ingeshonwa viatu. Mifupa ya duralumini, ambayo ni alumini iliyochanganywa na shaba na madini mengine, ingesimamishwa kuwa nguzo za simu ya upepo, na injini zingezungusha mitambo ya umeme.

L 59 iliondoka Jamboli, katika Bulgaria, tarehe 21 Novemba 1917, ikiwa na watu 22 chini ya nahodha Ludwig Bockholt. Ikavuka bahari ya Mediterania, ikapita jangwa la Misri, na tarehe 23 ilipokuwa magharibi ya Khartoum ikapata amri kwa simu ya upepo: rudini. Ilikuwa imesikika Berlin kwamba sehemu kubwa ya nchi ya Wamakonde imekwisha kutekwa na Waingereza. Ikatua Jamboli tarehe 25, baada ya saa 95 na mwendo wa zaidi ya kilomita 6,700 bila kugusa ardhi. Siku hiyo hiyo von Lettow-Vorbeck aliuvuka mto Ruvuma, akawashinda Wareno huko Ngomano, akapata kwao silaha na risasi za kuendelea na vita. Nayo L 59 iliteketea kwa moto juu ya mlango wa bahari wa Otranto tarehe 7 Aprili 1918, wakafa wote waliokuwamo. Hakuna kipande chake kilichopata maisha ya pili.

Twajifunza nini? Kwanza, kilichofungwa kwa misumari na uzi hufumuka. Ndege ya Boeing 787, iliyoanza kuchukua abiria mwaka wa 2011, karibu nusu ya uzito wake ni nyuzi zilizogandishwa katika gundi, hasa nyuzi za kaboni. Na gundi hiyo ikiisha kukauka haiyeyuki tena. Mwenye kuzitaka nyuzi hizo hana budi kuichoma gundi katika tanuri lisilo na hewa, na nyuzi zitokazo huwa kwa kawaida fupi na zilizovurugika, zifaazo kwa vipande vidogo kuliko kwa bawa. Wepesi umeongezeka, lakini kufumua kumekuwa kugumu. Wala ugumu huo hauondolewi mwishoni, huondolewa siku ya kuunda.

La pili ni zito zaidi. Mpango wa L 59 husifiwa kwa pamba, ngozi na duralumini. Bega la mpagazi halitajwi sana. Lakini mifupa ile isingetembea yenyewe kutoka mahali pa kutua. Ingechukuliwa na watu wa Masasi, wa Newala na wa Mnyambe, watu ambao majeshi ya pande zote mbili yaliwatwalia chakula chao na vijana wao, katika nchi ambayo maji yenyewe yalitekwa mabondeni na kupandishwa kwa vichwa. Akili iliyohesabu kila shonea la mfuko wa gesi haikuwahesabu hao.

Basi mtu akituambia leo kwamba kitu fulani kitatumika tena, na tumwulize maswali mawili: kimeungwaje, na ni nani atakayekibeba?