Wajumbe Wanaomchagua Rais wa Marekani

Mwananchi wa Marekani anapopiga kura ya urais, kisheria huwa anachagua wajumbe, na wajumbe hao ndio wanaomchagua Rais. Utaratibu huu ulibuniwa Philadelphia mwaka 1787, Katiba ilipokuwa ikitungwa. Pendekezo kwamba Bunge limchague Rais lilizua hofu kuwa angegeuka kibaraka wa wabunge. Pendekezo la kuwaachia wananchi lilipingwa kwa hoja kwamba, katika nchi pana kiasi kile, wasingewafahamu wagombea wa mbali. Utumwa nao ulikuwa na sehemu yake. Kila jimbo lilipewa wajumbe sawa na jumla ya wawakilishi na maseneta wake, na katika kugawa viti vya uwakilishi, watumwa watano walihesabiwa kama watu watatu. Hivyo majimbo ya kusini yaliongezewa uzito kwa idadi ya watu ambao yenyewe yaliwanyima kura.

Mwaka 1788 Alexander Hamilton aliwaelezea wajumbe kuwa watu wachache wenye busara, ambao wangepima sifa za wagombea kwa utulivu. Vyama vya siasa viliibomoa dhana hiyo mapema. Mwaka 1796 Samuel Miles, mjumbe wa Pennsylvania aliyetokana na chama cha Federalist, alimpigia kura mpinzani, Thomas Jefferson, na wenzake wakamshutumu vikali. Mwaka 1800 utiifu kwa chama ndio ulioleta matatizo. Kila mjumbe alipiga kura mbili bila kutenganisha Rais na Makamu, kwa hiyo Jefferson na mgombea mwenza wake, Aaron Burr, walipata kura 73 kila mmoja. Baraza la Wawakilishi lilipiga kura mara 36 kabla ya kumpata mshindi. Marekebisho ya 12 ya Katiba, mwaka 1804, yalizitenganisha kura hizo.

Awali, mabunge mengi ya majimbo yaliteua wajumbe yenyewe. Kufikia 1832, isipokuwa South Carolina, majimbo yote yalikuwa yamewaachia wapigakura kazi hiyo. Tangu hapo uhalali wa mjumbe ulitokana na waliomtuma, si na busara yake. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu ilithibitisha kwamba jimbo linaweza kumwadhibu mjumbe anayekiuka ahadi yake.

Dosari kubwa haikuondoka. Karibu majimbo yote humpa mshindi wajumbe wote wa jimbo, hata akishinda kwa tofauti ya kura chache. Ndiyo sababu mwaka 1876, 1888, 2000 na 2016 urais ulikwenda kwa mgombea aliyezidiwa kura za wananchi nchini kote. Mwaka 1969 Baraza la Wawakilishi lilipitisha pendekezo la kuufuta mfumo huu kwa kura 338 dhidi ya 70, lakini Seneti ikalikwamisha mwaka uliofuata. Leo wajumbe ni 538, na ushindi huhitaji 270. Sheria inawapa mamlaka ya kumchagua Rais. Lakini mamlaka hayo hupoteza heshima kila yanapompa urais mtu ambaye wananchi wengi hawakumchagua.